Betri ya Gari Voi: Kabla Hujanunua Mpya, Shika Kibano

Alfajiri katika stendi ya Voi, ipo sauti moja ndogo inayomnyamazisha dereva wa Probox ya Wundanyi: tik. Abiria wamejaa, mizigo imefungwa, makanga ameshagonga bodi mara mbili, ufunguo unazungushwa, na jibu ni hilo hilo tik. Taa za dashibodi zinawaka. Honi inalia. Redio inaendelea na taarifa ya habari. Injini ndiyo haiguswi. Dakika haijaisha, hukumu imeshatolewa na kila aliye karibu, kuanzia muuza mayai hadi abiria wa kiti cha nyuma: betri imekufa.

Mara nyingi betri hiyo ni nzima. Kilichokufa ni mguso kati ya kichwa cha betri, yaani ile nguzo fupi ya risasi inayochomoza juu, na kibano cha waya kinachoikumbatia. Lakini dereva ana haraka, duka la vipuri liko hatua chache, na anayemshauri pengine ndiye muuzaji. Betri mpya inanunuliwa, kibano kinasuguliwa kidogo wakati wa kuifunga, gari linawaka, na kila mtu anaondoka akiamini ugonjwa ulikuwa betri. Kumbe dawa ilikuwa ule msuguo.

Zamani jambo hili halikuumiza sana. Land Rover za kale zilikuja na hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, na gari la gia za kawaida likigoma, vijana wanne wa stendi walitosha kulisukuma hadi liwake. Magari mengi yanayoshuka bandarini Mombasa siku hizi kutoka Japani ni otomatiki, na otomatiki haisukumwi ikawaka. Stata ikikosa umeme, umekwama hapo hapo ulipo.

Kwa nini basi taa ziwake na stata igome? Hesabu yake ni nyepesi. Taa mbili kubwa za mbele hula ampea 9 au 10 hivi. Stata ya gari dogo la petroli hutaka ampea 100 hadi 200, tena kwa mpigo. Tuseme uchafu na kulegea vimeingiza ukinzani wa ohm 0.01 kati ya kichwa na kibano, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Taa zitapoteza volti 0.1 tu na zitang'aa kama kawaida. Stata inayovuta ampea 150 itapoteza volti 1.5 papo hapo, na hapo betri yenyewe imeshashuka kwa sababu ya mzigo. Uchafu ukiongezeka mara tatu, stata haina tena nguvu ya kuzungusha chochote. Kwa hiyo taa kuwaka hakuthibitishi kwamba betri ni nzima, na stata kugoma hakuthibitishi kwamba ni mbovu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Zima gari, shika kibano kwa vidole, jaribu kukizungusha. Kibano kilichokaza hakisogei hata chembe. Kikizunguka kidogo tu, umeshampata mshukiwa wako kabla hujatoa hata shilingi. Kipimo cha pili kinataka mita ya umeme, ile ndogo ambayo kila fundi wa umeme wa magari huwa nayo kibandani. Watu wengi huweka ncha moja ya mita kwenye kila kichwa, wakasoma volti za betri na kuishia hapo. Sasa jaribu hivi: gandamiza ncha moja katikati ya kichwa chenyewe cha risasi, na nyingine iguse kibano cha kichwa hicho hicho, sentimita moja tu kutoka pale. Mwenzako azungushe ufunguo. Mguso ukiwa mzuri, mita itabaki karibu na sifuri, chini ya volti 0.2. Ikiruka hadi volti 1 au 2, umeme unapotelea katika ile sentimita moja. Rudia upande wa pili. Kisha fuata waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, kwa sababu nati ya huko nayo hulegea na kushika kutu, na hakuna anayeikumbuka.

Ule unga mweupe, wakati mwingine wa buluu iliyochanganyika na kijani, unaoota juu ya vichwa ni chumvi inayotokana na asidi ya betri. Asidi hupenya taratibu pembeni mwa nguzo au hutoka kama mvuke, hasa altaneta inapochaji kupita kiasi, kisha hula risasi na shaba. Rangi ya buluu ni shaba ya waya wako inayoliwa. Wengi hummwagia adui huyo maji ya moto, wengine soda ya kola. Maji ya moto huondoa unga kweli, lakini huupeleka kwenye bodi ya gari na kwenye nyaya zilizo chini. Dawa bora inauzwa sokoni Voi kwa bei rahisi, ile ile ya kutia kwenye mboga: magadi. Koroga kijiko kimoja au viwili katika kikombe cha maji, paka kwa mswaki wa zamani, acha itoe povu. Povu ni asidi inayouawa. Likiisha, suuza kwa maji machache, futa, kausha. Hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yataua asidi ambayo betri inaihitaji. Kisha sugua kichwa kwa nje, na kibano kwa ndani, kwa brashi ya waya au msasa, mpaka risasi ing'ae. Ni ndani ya kibano ndiko umeme unakopita, na ndiko watu wanakosahau kusugua. Kaza, halafu paka juu yake mafuta ya mgando ya kujipaka au grisi nyepesi ili hewa na mvuke visipate njia.

Liko tatizo jingine ambalo limeenea kwenye magari yetu na ambalo halizungumzwi vya kutosha: vichwa vya betri havina ukubwa mmoja. Kuna vinene na kuna vyembamba. Vinene, ambavyo hutumika Ulaya na kwingi duniani, vina kipenyo cha milimita 19.5 chini ya nguzo ya chanya na 17.9 kwenye hasi. Vyembamba ni vya Kijapani, na hupatikana kwenye betri za magari madogo: takriban milimita 14.7 na 13. Katika aina zote mbili chanya huwa kinene kuliko hasi, ili mtu asifunge waya kinyume kwa bahati mbaya. Sasa gari limekuja kutoka Japani na vibano vyembamba, betri ya dukani ina vichwa vinene. Au kinyume chake: mmiliki wa kwanza alibadilisha vibano akaweka vinene, na betri iliyopo leo ina vichwa vyembamba.

Hapo ndipo ubunifu wa barabarani unapoanza. Kibano kipana kikikutana na kichwa chembamba, nafasi hujazwa kwa kipande cha bati kilichokatwa kwenye kopo, waya wa shaba uliozungushwa, msumari, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kichwa kinene kikikutana na kibano chembamba, huchongwa kwa kisu, na vipande vya risasi huanguka vikang'aa chini kama magamba ya samaki. Njia zote hizi huwasha gari siku hiyo. Baada ya wiki chache za matuta na vumbi, bati limeshika kutu, karatasi imeliwa na asidi, msumari unagusa kichwa sehemu moja tu, na tik inarudi. Kichwa kilichochongwa ndicho kibaya zaidi, kwa sababu hakirudi kuwa kinene, na muuzaji akikiona hataki tena kusikia habari ya garanti. Tiba ni ndogo na si ghali: pete ya risasi inayovalishwa kichwa chembamba kikawa kinene, au kibano kipya cha ukubwa unaofaa. Maduka ya vipuri huuza vyote viwili. Ukinunua betri, peleka gari lenyewe au pima vichwa kabla ya kulipa.

Kung'oa na kufunga kuna utaratibu, na utaratibu una sababu. Toa hasi kwanza, kwa kawaida kwa spana namba 10. Bodi nzima ya gari imeungwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikateleza na kugusa chuma chochote cha gari, umeunganisha betri moja kwa moja: cheche, spana kuwa nyekundu, na ukiwa na pete ya chuma kidoleni, hospitali. Hasi ikishatoka, spana ikigusa bodi hakuna kitu. Wakati wa kufunga, geuza: chanya kwanza, hasi mwisho. Betri inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, basi sigara ikae mbali, na ukiwa na miwani ivae. Kibano kikikataa kutoka usikipige nyundo wala usiking'oe kwa nguvu. Legeza nati kabisa, panua mdomo wake kwa bisibisi, kivute juu huku ukikigeuza polepole. Nguzo ya risasi ikivunjika kwa ndani, betri nzima imekwisha.

Na kuna desturi moja ya gereji zetu ambayo ningependa ife. Fundi anataka kujua kama altaneta inachaji, basi injini ikiwa inanguruma anachomoa kibano cha hasi. Injini ikiendelea kunguruma, anasema altaneta nzima. Kwenye gari la miaka ya 1970 mchezo huo ulivumilika. Kwenye gari la leo lenye kompyuta, kuiondoa betri ghafla kunaweza kurusha volti nyingi mno kwenye nyaya kwa kitambo kifupi, na kompyuta inayoungua kwa namna hiyo gharama yake huwezi kuilinganisha na ya betri. Mita hutoa jibu lile lile bila hatari: injini ikiwa inanguruma, vichwani pasome kati ya volti 13.8 na 14.5. Fundi akinyoosha mkono kuelekea kibano injini ikiwa inanguruma, mwambie kwa heshima aache.

Kaunti yetu ya Taita Taveta inatufundisha pia jinsi betri inavyokufa kikweli. Voi iko chini, na miezi mingi mchana wake hupita nyuzi 30. Ndani ya boneti la gari lililosimama juani baada ya safari ni zaidi ya hapo sana. Kanuni ambayo watengenezaji huitumia ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri hupungua karibu nusu. Maji hukauka, sahani za risasi huliwa, uchafu wake huangukia chini. Lakini wakati wa joto mafuta ya injini ni mepesi na kemia ya betri ina kasi, kwa hiyo betri mgonjwa huendelea kujikokota Voi bila malalamiko. Siku dereva analala Wundanyi, mwezi wa Julai, ukungu umeshuka kutoka mlima Vuria, ndipo betri inapotakiwa kutoa nguvu zaidi kwenye injini yenye mafuta mazito huku yenyewe ikiwa imepoa. Inakataa. Watu husema baridi ya milimani imeiua. Baridi imeifichua tu. Aliyeiua ni jua la Voi. Ndiyo maana nasema dereva wa njia hii apime betri mwezi Mei kabla ya baridi, asingoje ikatae. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.4 ni robo tatu hivi; ikiwa 12.0 au chini yake, ichajiwe kisha ipimwe tena chini ya mzigo kabla ya kuhukumiwa.

Barabara nazo zina sehemu yake. Lami ya Voi hadi Taveta imewapunguzia watu mateso, lakini anayekwenda Kasigau kupitia Maungu na Buguta anajua jinsi barabara ya vumbi yenye mawimbi inavyotikisa kila nati. Betri isiyofungwa vizuri hurukaruka, sahani zake hupasuka, na vibano hujilegeza. Kipande cha blada kilichofungwa kwa fundo ni bora kuliko kutofunga kabisa, ingawa chuma chake cha asili ndicho kinachotakiwa. Malori yanayotumia volti 24 yana betri mbili zilizoungwa mfuatano: vichwa vinne na waya wa kati. Kimoja kikilegea, lori zima limelala.

Kwa waongozaji watalii hasara huwa ya namna nyingine. Unazima injini karibu na bwawa la Aruba katika Tsavo Mashariki ili wageni wapige picha za tembo bila mtikisiko. Friji ya vinywaji inavuta umeme, simu nne zinachajiwa, redio ya mawasiliano iko hewani. Nusu saa baadaye, tik. Sheria za hifadhi hazikuruhusu kushuka garini nje ya maeneo yaliyotengwa, na hata kama zingekuruhusu, kundi la tembo mbele yako lina maoni yake. Vibano kusafishwa na kukazwa jioni, kabla ya safari, ni kazi ya dakika 15.

Tuseme sasa umepima kila kitu na betri imekufa kweli. Majina ya dukani ni NS40 kwa magari madogo, NS60 kwa ya wastani, N70 kwa pikapu na wenzake. Betri nyingine huandikwa kwa mtindo wa Kijapani, mathalani 46B24L: 24 ni urefu kwa sentimita, na L huonyesha upande ambao chanya kipo. Kuna R pia. Ukichukua R mahali pa L, waya wa chanya haufiki, na nimeona mtu akiuvuta mpaka ukalala juu ya chuma cha injini. Herufi S mwishoni mwa jina la betri za ukubwa huo humaanisha vichwa vinene. Herufi hiyo moja ingewaepusha wengi na kisu cha kuchongea.

Magari mapya zaidi yanahitaji uangalifu mwingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo kila mwaka wimbi jipya la teknolojia hushuka Mombasa na kupanda huku. Mazda na Nissan nyingi za sasa huzima injini zenyewe kwenye foleni na kuziwasha tena, na hubeba betri maalumu zilizoandikwa Q-85, N-55 au M-42. Ukiziwekea ya kawaida zitakubali, lakini haidumu. Toyota Aqua nayo huficha betri yake ya volti 12 nyuma, eneo la kiti cha abiria, na ina kijibomba cha kutolea gesi nje. Fundi asiyekijua hukiacha kikining'inia, na gesi inabaki ndani na familia.

Jambo la mwisho kabla ya kung'oa: redio. Nyingi za Kijapani hujifunga umeme ukikatika, zikaanza kudai namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani, na kuzifungua kumekuwa biashara kamili nchini. Mafundi wenye busara huunga betri ndogo ya pembeni wakati wa kubadilisha ili kumbukumbu isipotee. Uliza kama fundi wako anayo.

Inabaki betri ya zamani. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa hili kwa nadharia. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, safari ya saa chache kutoka Voi, ulikaa miaka kadhaa kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Watoto waliugua, visima na udongo vikachafuka. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe mwenyewe aliathirika, aliongoza mapambano na kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3; Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Malighafi ya kiwanda kile ilikuwa betri kama hii iliyo mkononi mwako.

Kwa hiyo usiipasue nyuma ya nyumba ili utoe risasi, na usimwage asidi yake mtaroni wala kando ya mto Voi ili iwe nyepesi kwa muuza vyuma chakavu. Irudishe nzima, maji yake yakiwa ndani, kwa duka linalokuuzia mpya. Maduka mengi hukupunguzia bei ukifanya hivyo. Uliza inapelekwa wapi, na udai risiti iliyoandikwa tarehe, maana bila hiyo garanti ya betri mpya ni maneno matupu.